Kuku anaatamia kundini: nimtenge au nimwache na wenzake?

Swali limetoka kwa msomaji wa Muyeye, Malindi. Nimelifupisha kidogo:

"Assalamu alaikum. Nina mitetea 8 na jogoo mmoja, wote wa kienyeji, wanazunguka uani. Mtetea wangu mweusi aliatamia kwenye boksi lile lile wanalotagia wenzake. Siku ya kwanza nilihesabu mayai 9, wiki ya pili nikakuta 15. Siku ya 21 walitoka vifaranga 5. Baada ya siku mbili akaondoka nao, mayai mengine akayaacha. Nilipoyapasua nikakuta baadhi yana vifaranga, wengine hata manyoya hawajaota. Katika wale 5, mmoja alidonolewa na kuku mwengine akafa, 3 wakachukuliwa na kunguru. Jirani asema kuku akishaatamia nimfungie peke yake hadi vifaranga wafike miezi miwili. Mama mkwe asema kuku wa kienyeji hafungwi, kazi yake aijua. Sasa mtetea mwekundu naye ameng'ang'ania boksi hataki kutoka. Nimfuate nani? Na yuko jamaa ameniahidi mayai ya kuku wake wa kuchi (ile aina ya kuku warefu wa kupigana), je, nimuwekee huyu mwekundu?"

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Jirani yako na mama mkwe wote wana haki, ila kila mmoja kwa wakati wake. Kuku mtenge anapoatamia. Akishaangua, mrudishe kundini mapema, vifaranga wangali wadogo na mama yao angali mkali. Wengi hufanya kinyume: humwacha aatamie katikati ya msongamano, kisha vifaranga wakitoka ndipo humfungia.

Kabla ya huyu mwekundu, tumtoe lawamani yule mweusi. Hakuyakimbia mayai yake. Ulihesabu 9, baadaye ukakuta 15. Yale 6 yaliyozidi yalitagwa na wenzake humo humo, kila alipotoka kwenda kula na kunywa. Kuku hupenda kutaga palipo na mayai tayari, na boksi lililojaa mayai ya moto ndilo linalowavutia zaidi. Basi chini yake kulikuwa na mayai ya siku ya kwanza, ya siku ya tano, ya siku ya kumi. Yai la kuku huchukua siku 21 tangu lianze kupata joto la kuatamiwa, na halingojei wala haliharakishi. Siku ile ya 21 yale ya mwanzo yalitimia, mengine yalikuwa yangali na siku kadhaa, hata wiki nzima au zaidi.

Kifaranga huingiza kiini cha yai tumboni mwake kabla tu ya kutoka, na akiba hiyo humtosha siku mbili, hata tatu, bila kula wala kunywa. Ndiyo maana kuku hukaa kiotani siku mbili hivi akiwasubiri waliochelewa, kisha huwatoa waliokwisha toka kwenda kutafuta riziki. Angengoja mayai ya wiki ijayo, hawa wa kwanza wangekufa njaa. Alichagua walio hai.

Tena mayai 15 chini ya kuku wetu wa kienyeji ni mengi mno. Usifikiri yale yaliyozidi huharibika peke yake. Kuku huyageuza mayai mara nyingi kwa siku na kuyahamisha, la pembeni analeta katikati, la katikati linakwenda pembeni. Yakizidi, kila yai hupata zamu yake ya baridi, na mwishowe hata yale mazuri hudhoofika. Kuku wa umbo la kawaida muwekee 10, akiwa mdogo 8 au 9. Kama hayaonekani pembeni ya mbawa zake anapokaa, hapo ni sawa.

Sasa mwekundu. Usimpe mayai leo. Mwache na mayai mawili ya bandia, hata ya kuchemsha, umtazame siku mbili tatu. Aliyekusudia kweli hulala hapo hapo usiku, ukimsogelea hujivimbisha na kuunguruma, ukimtoa hurudi mbio. Ukimpapasa kifuani utakuta manyoya yamepungua na ngozi ni ya moto, kwa sababu ngozi tupu ndiyo inayoyapasha mayai. Kuku anayekaa mchana na usiku akapanda kulala na wenzake, huyo bado.

Wakati unamjaribu, kusanya mayai ya kumuwekea, na hapa sisi wa pwani tunapoteza mengi bila kujua. Kiinitete, yaani mwanzo wa kifaranga ndani ya yai, huanza kukua yai likipita nyuzijoto 20 au 21, lakini hakikui sawasawa mpaka kipate 37 na nusu hivi. Malindi wakati wa kaskazi, kabati la jikoni huwa na nyuzijoto 30 au zaidi. Yai lililokaa hapo wiki moja limekuwa likikua kwa udhaifu na kufa taratibu, na hata ukimpa kuku bora kuliko wote litatoka viza. Okota mayai kila siku, asubuhi na jioni. Yaweke sakafuni, upande wa ukuta usiopigwa na jua, karibu na mtungi wa maji kama unao, kwenye bakuli la mchanga mkavu, ncha butu juu. Nyumba za mawe za kizamani zina pembe za baridi zinazofaa sana kwa jambo hili. Friji ya nyumbani ni baridi kupita kiasi. Yasizidi wiki moja, na katika miezi ya joto mimi nisingepita siku 5. Usiyaoshe. Ganda lina utando unaozuia vijidudu, na maji huuondoa. Yai lenye mavi mengi lipeleke jikoni tu.

Halafu mhamishe. Fanya usiku, kuku wenzake wakiwa wamelala, bila kumulika mulika. Mchukue pamoja na yale mayai ya bandia umuweke pahali papya, umfunike na tenga mpaka asubuhi ya pili. Ukimhamisha mchana atarudi kwenye boksi la zamani, hata kama mayai yake yako kwengine. Akishatulia mahali papya usiku mmoja au miwili, ondoa ya bandia uingize mayai ya kweli yote kwa pamoja, usiku huo huo. Siku ya kwanza uihesabu kuanzia hapo. Piga kila yai alama ya penseli au mkaa kulizunguka. Baada ya hapo, yai lisilo na alama ni la mgeni, litoe siku hiyo hiyo.

Mahali hapo pawe pa kivuli, pasipoingia mvua, panapopita upepo. Boksi la bati juani humuua kuku juu ya mayai yake, nimewaona. Muhimu zaidi, wenzake wamuone ingawa hawawezi kumfikia: wavu, fito, au kipande cha uzio wa makuti kilichoachwa wazi wazi kinatosha. Kuku anayefichwa wiki 3 hupoteza cheo chake, na akirudi huanza kupigwa kama mgeni. Anayeonekana kila siku hubaki mwenzao.

Kiota chenyewe hakina ufundi mwingi. Karai pana la zamani au sanduku fupi, chini mchanga uliochanganywa na majivu ya kuni, ukibonyeze katikati kidogo ili mayai yasitawanyike, kisha nyasi kavu juu. Makumbi ya nazi yanafaa chini, lakini usiyaweke juu, kwani nyuzi zake ndefu hujifunga kwenye mguu wa kifaranga. Wengine huweka majani makavu ya mwarobaini kufukuza wadudu. Si vibaya, ila usiyategemee peke yake. Viroboto wanaong'ang'ania usoni na utitiri wa kiotani ndio wanaomfanya kuku mzuri aache mayai siku ya 15, na wakizidi humnyonya damu akafa pale pale. Mkague chini ya mbawa, kwenye upanga na pembeni mwa macho kabla hujampa mayai. Ukiona wadudu, nunua dawa ya unga kwenye duka la dawa za mifugo, ufuate maelezo ya kwenye kopo. Mafuta ya taa usiyakaribishe. Yakigusa mayai huziba vitundu vya ganda na kifaranga hukosa hewa.

Muwekee nafaka na maji hatua chache kutoka kiotani, siyo ndani. Atatoka mara moja kwa siku, dakika 15 hadi 30, ale, anywe, ajirushie mchanga, na atoe choo kimoja kikubwa chenye harufu kali. Usishtuke, ndivyo walivyo wanaoatamia. Asiyetoka kabisa mnyanyue wewe, lakini tazama kwanza kama hakushika yai chini ya bawa.

Umesikia watu wakisema mayai yanyunyiziwe maji? Hayo ni maneno ya mashine za kutotoa na ya watu wa bara kwenye hewa kavu. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha, na kuku mwenyewe anajua kazi. Acha.

Usiku wa siku ya 7, zima taa, chukua tochi ya simu, zungushia vidole kwenye mwanga na uweke ncha butu ya yai juu yake. Yai zima huonyesha doa jeusi na mishipa myekundu iliyotawanyika. Yai lisilorutubishwa huangaza tupu. Ukiona duara la damu bila mishipa, kiinitete kimekufa. Yaliyo tupu na yaliyokufa yatoe, usiyarudishe kwa huruma, maana yai viza likipasuka kiotani huyapaka uchafu mengine yote. Ukitaka rudia siku ya 14. Kuanzia siku ya 18 usishike tena. Siku ya 20 utasikia milio ndani ya mayai na kuku akiwajibu kwa sauti ya chini. Usimnyanyue kila saa kutazama, na usimsaidie kifaranga kulivunja ganda, kwa sababu mishipa ya damu huwa bado imeshikana na utando, ukiivuta anavuja damu.

Wakishatoka wote, waache na mama yao pale pale penye wavu kwa siku 7 hadi 10. Vifaranga wajue sauti ya mama, wajue kukimbilia chini ya mbawa, na kundi liwazoee kwa macho. Kisha wafungulie, alasiri ya siku tulivu, kundi likiwa limeshiba. Hapa ndipo jirani yako ninapomkatalia. Katika wiki hizi za mwanzo mama ana ukali ambao hutauona tena mwaka mzima. Mtetea aliyekuwa wa mwisho kwenye chakula humfukuza hata jogoo. Kundi hujifunza mpaka wake ndani ya siku moja au mbili. Ukingoja miezi miwili, mama keshawachoka, anataka kutaga, pengine anawadonoa mwenyewe. Hapo unawaingiza vijana wageni wasio na mtetezi, na ndio hupigwa kweli kweli.

Utaona kuku mkubwa akimdonoa kifaranga kichwani mara moja, naye akakimbia akilia. Usiingilie, ndivyo anavyofundishwa kukaa mbali na chakula cha wakubwa. Hatari ni pale kifaranga anapokosa pa kukimbilia. Yule wako aliyekufa, naamini alibanwa kwenye pembe au ndani ya banda. Kwa hiyo uani muwe na sehemu ambazo kifaranga anapita na mkubwa hapiti. Tafuta dema bovu (mtego wa samaki wa kusuka) kwa wavuvi, liinue juu ya mawe kiasi cha upana wa vidole vinne, chakula cha vifaranga kiweke chini yake. Wadogo huingia wakala kwa raha, wakubwa huzunguka nje wakipiga kelele. Kwa njia hiyo pia chakula chako cha bei hakiliwi na jogoo.

Kunguru wamekumaliza kuliko kuku wako wenyewe, 3 kwa 1, basi tuwape nafasi yao. Hawa wenye shingo ya kijivu asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 wasafishe taka, leo wamejaa pwani yote. Huja kwa kushirikiana: mmoja anatua mbele ya mama kumchokoza, mama akimrukia, mwenzake anachukua kifaranga nyuma. Kuku shujaa namna gani hawezi kulinda pande mbili. Kwa wiki 4 au 5 za kwanza, funika sehemu yao ya kulia kwa wavu wa zamani wa kuvulia, uvutwe ukaze. Uwe wa macho madogo. Wenye macho makubwa kunguru hupenya, na vifaranga hunaswa shingo. Waachie kuzunguka ua wazi pale tu ukiwa nje mwenyewe, ukifua au ukikuna nazi. Na matumbo ya samaki yasitupwe uani, hayo ndiyo yanayowaita. Mwewe naye huogopa wavu huo huo. Usiku ni zamu ya panya, nguchiro na paka, kwa hiyo mama na watoto walale ndani ya kizimba kisicho na tundu la kupita hata kidole kimoja. Wasomaji wangu wa Lamu hawahitaji kuambiwa habari za paka.

Chakula: wape vifaranga chakula chao cha dukani wiki za mwanzo kama unaweza, pamoja na chenga za mchele, mchwa, na chicha ya nazi kidogo ikiwa mbichi ya siku hiyo. Chicha iliyochacha huwaharisha. Wasile chakula cha kuku wanaotaga, kwa sababu chokaa yake ni nyingi na huharibu figo za vifaranga. Wakiwa wote pamoja, wape wote cha vifaranga, na mitetea uwawekee maganda ya chaza yaliyopondwa kwenye chombo cha juu. Maganda ya ufuoni yaoshe mara kadhaa kwa maji baridi, na dagaa wa chumvi waroweke umwage maji. Kifaranga hana uwezo wa kuhimili chumvi nyingi. Kwa sababu hiyo hiyo, kama kisima chako kina maji ya magadi, wape ya mfereji au ya mvua. Sahani iwe ya kina kifupi na vijiwe ndani, wasizame.

Kuhusu chanjo sitakuchosha, lakini kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, kikiingia mtaani hakiachi wa kuatamia wala wa kuatamiwa. Chanjo inayostahimili joto, ya aina ya I-2, ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo shirikianeni majirani siku moja, na ingawa inastahimili joto ichukueni kwenye themosi yenye barafu. Mitetea waliochanjwa wiki kadhaa kabla hupitisha kinga kidogo kwenye kiini cha yai, nayo huwalinda vifaranga siku za mwanzo. Ndui ya kuku ndiyo ya pili. Huenezwa na mbu, kwa hivyo mvua za mwaka (masika) na za vuli ndizo zinazowapofusha vifaranga wengi. Ipo chanjo yake ya kuchoma kwenye bawa, muulize afisa wa mifugo wa wadi yako.

Kama wengine wawili watataka kuatamia pia, usiwaache boksi moja, wataibiana mayai. Yule wa kwanza mshikilie kwa mayai ya bandia siku chache mpaka mwenzake awe tayari, uwawekee usiku mmoja. Wakiangua siku moja unaweza kuwakusanya vifaranga wote kwa mama mmoja, ukimwingizia wa mwenzake gizani wangali na siku moja au mbili, na yule wa pili akarudi kutaga. Na ikiwa hutaki wa kuatamia zaidi, muweke kwenye kizimba chenye sakafu ya fito kilichoinuliwa, hewa ipite chini ya tumbo, apewe chakula na maji. Siku 3 au 4 huwa ameacha. Ile kumzamisha kuku kwenye ndoo au kumchomeka unyoya puani ni kumtesa bure.

Mayai ya kuchi yapokee, hayana tofauti katika kuatamiwa, siku ni zile zile 21. Muulize jamaa yako mayai yametagwa lini na yamekaa wapi, maana kuchi hutaga machache na wenye nao hupenda kuyakusanya kwa muda mrefu mpaka yatimie, na hapo utaletewa mayai ya wiki 3. Yakifika, yapumzishe usiku mmoja ncha butu juu kabla hujamuwekea, yametikisika njiani. Ni makubwa kidogo, punguza hesabu. Ukichanganya na ya kwako yote yaingie usiku mmoja. Vifaranga wake huchelewa kuota manyoya, kwa hiyo mvua ikija waangalie wao kwanza. Na mapora wa kuchi huanza kupigana wangali wadogo, mapema kuliko wa kwako, basi wakianza kushikana vichwa watenganishe wewe, mama yao wakati huo hatakuwa na habari nao.